Makande ni makande, hata yakiungwa nazi

Wapo wanaosema makande ya Mbagala na Manzese si makande, kwa kuwa ya Upareni hayana nazi. Sikubaliani nao. Jina la chakula hushika namna ya kupika kuliko orodha ya viungo. Mahindi yaliyokobolewa hulowekwa usiku kucha, huchemshwa na maharage mpaka punje zipasuke, kisha tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa lisije likakatika. Kazi ni ileile ya milimani. Pwani imeongeza ilicho nacho.

Watasema tukilegeza hivyo neno litapoteza maana. Halitapoteza: wali na maharage havijawahi kuitwa makande. Tena mahindi yenyewe asili yake ni Amerika. Hata polenta, chakula cha wakulima wa kaskazini mwa Italia, ilisongwa kwa nafaka nyingine kabla mahindi hayajafika huko, na jina likabaki. Hoja nzito zaidi ni ya watu wa Pwani, kwamba makande yamelisukuma pembeni neno lao zuri, pure, lililomo kwenye kamusi. Hilo linaniuma kweli. Mama ntilie wa Temeke na Kinondoni wakiandika ubao wa bei, ningependa waandike yote mawili.