Kasha la Leiden na Mfuko wa Kenchini

Katika nyumba nyingi za Mchombe, kijiji cha bonde la Kilombero, karatasi za familia hazikai kabatini. Hukaa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili na kuning'inizwa kwenye kenchi, mahali moshi wa jikoni unapopita, kwa kuwa moshi hufukuza mchwa na maji ya masika hayafiki huko. Nimewahi kufunguliwa mfuko mmoja wa namna hiyo. Mlikuwa na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, cheti cha ubatizo, stakabadhi za ushuru wa mpunga zilizofifia wino, hati miliki ya kimila, na kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari la shule. Kurasa hizo ni makubaliano ya kukodishana na kuuziana majaruba, yenye alama za dole gumba na muhuri wa kijiji. Nilipouliza zilipo barua za ndugu waliohamia mjini, mama mwenye nyumba alinieleza kwamba barua za salamu zilikwisha kuwashiwa moto zamani. Hizi zimebaki kwa sababu ni karatasi za kesi.

Sijapata maelezo bora kuliko hayo kuhusu jinsi hifadhi ya nyaraka za ukoo inavyozaliwa. Tumezoea kusema kwamba familia fulani ina barua za karne ya 19 kwa sababu ilikuwa ya wasomi, na kwamba bonde la Kilombero halina kwa sababu watu wake walikuwa hawaandiki. Nadhani kauli hiyo inachukua tokeo na kuliita chanzo. Familia huhifadhi karatasi inapokuwa na dai, na inapoamini kwamba mahali fulani pana mtu atakayelisikiliza. Kuandika ni sharti, lakini ni sharti dogo.

Tuchukue hifadhi ya ukoo iliyo maarufu kuliko zote za pwani yetu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiyafuatisha maumbo ya herufi za msahafu kwa wino juu ya mfupa mweupe wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipomwasi kaka yao, Sultani Majid, wino huo ulimfanya msichana wa miaka 15 kuwa katibu wa uasi. Barua zilitoka mkononi mwake. Uasi ulishindwa na Salme akabaki na majuto. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg kwa jina la Emily. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu. Alibaki na watoto watatu, na pesa hazikutosha.

Hapo ndipo kasha la karatasi zake lilipoanza kujaa. Aliandika kwa ndugu, kwa mabalozi, kwa wakuu wa Ujerumani. Baba yake, Sultani Sayyid Said, alipofariki mwaka 1856 alikuwa ameacha watoto wengi, na kila ndugu aliyekufa bila mtoto aliongeza fungu la kugawanywa kwa waliobaki. Salme aliamini mafungu hayo ni haki yake. Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, alimwona kuwa mtu aliyeiacha dini, na kwa sheria ya mirathi aliyeiacha dini harithi. Barua za miaka hiyo hubeba mambo mawili kwa pamoja, huba ya dada na hesabu ya mdai, na huwezi kuyatenga bila kuichana karatasi. Mwana wa Salme, Rudolph Said-Ruete, ndiye aliyezikabidhi nyaraka na vitabu vya familia kwa wasomi wa Leiden, Uholanzi. Humo ndimo zilimotoka barua ndefu ambazo Salme aliziita za kwenda nyumbani, zilizochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993, takribani miaka 70 baada ya kifo chake huko Jena.

Msomaji atanipinga kwamba si kila waraka ni wa kesi. Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote tunazozijua, zile za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, ni za siasa na urafiki. Kweli. Lakini zilibaki kwa sababu Wareno walizihitaji, wala hazikubaki Kilwa. Na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alipoandika maisha yake hakuweza kusimulia safari bila frasila za pembe na deni lake kwa tajiri Taria Topan. Hata anayejieleza kwa fahari hushika daftari la madeni kwa mkono wa pili.

Mwaka 1885 unatupa jaribio ambalo mwanahistoria asingeweza kulibuni. Mwezi Agosti Salme alirudi Unguja ndani ya meli ya Kijerumani, Adler, wakati manowari za Bismarck zimetia nanga mbele ya jumba la Barghash. Alikuja na madai yenye ushahidi wa damu, majina, na miaka ya kuandikiana. Manowari zile hazikuja kwa ajili yake. Zilikuja kuyatetea makaratasi mengine kabisa: mikataba ambayo Karl Peters aliikusanya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa wiki chache za mwisho wa 1884, yenye alama za watu ambao hawakuweza kuisoma. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani alikuwa ameshaiwekea ulinzi wake. Barghash alikubali yale ya Peters, na Salme aliondoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Yaani mwanamke aliyeweza kuutaja ukoo wake wote alikataliwa, na karatasi zilizokusanywa kwa wiki chache zikageuka mipaka ya nchi. Miezi michache baadaye mwenzake Peters, Joachim Graf von Pfeil, alikuwa kwenye mto Ulanga, huku kwetu bonde la Kilombero.

Bondeni wakati huo hapakuwa patupu. Wandamba walikuwa wavuvi na wakulima wa kingo za mto. Wambunga waliingia na vita vyao miaka ya 1860. Wabena wa mtoni walikuwa chini ya nyumba ya Kiwanga, ambaye baadaye aliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na kila mtu alijua mpaka uko kwenye mti gani na kijito gani. Hapakuhitajika karatasi kwa sababu kesi iliamuliwa na watu waliokuwa wakiuona ule mti. Kisha amri ya kifalme ya tarehe 26 Novemba 1895 ikatangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali, na anayedai ni yake athibitishe. Kwa amri moja, ukimya wa karatasi ukawa ushahidi dhidi ya watu. Naiona amri hiyo kuwa kitendo kikubwa zaidi cha uharibifu wa nyaraka katika historia ya bonde hili, ingawa hakuna karatasi hata moja iliyochomwa.

Lakini kusema Kilombero haimo katika nyaraka za karne ya 19 ni kosa jingine. Watu wa bara ya kusini wamo, ila wamo katika sanduku la mtu mwingine. Hesabu za forodha ya Kilwa zilizonukuliwa na Waingereza zinataja watu 97,203 waliosafirishwa utumwani kati ya 1862 na 1867. Kati yao 76,703 walipelekwa Unguja. Idadi hiyo imefika hadi mtu wa mwisho kwa sababu kila kichwa kilitozwa ushuru. Hakuna jina. Watu hao ndio waliochuma karafuu za mashamba ambayo ndugu wa Salme waliyagombea, na ndani ya hati za mirathi wanaingia kama sehemu ya shamba. Sitamani kumpunguzia Salme huruma. Ila ninapozisoma barua zake, zilizoandikwa kwa uchungu wa kweli, naona jinsi dai lake linavyosimama juu ya watu ambao hawakuwa na pa kudai. Wenzao waliokuwa watumwa huku bara walipata karatasi zenye majina yao Wajerumani walipoanza kutoa hati za uhuru, zaidi ya 50,000 kati ya 1891 na 1912, na hata humo jina la bwana liko karibu.

Ndiyo maana nakiamini kwa tahadhari kitabu cha mwaka 1935 kuhusu Wabena wa mtoni, kilichoandikwa na Mwingereza Culwick na mkewe. Ndani yake mna sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Ni hazina, maana ni sauti ya nyumba ya bondeni iliyowekwa kwenye chapa. Lakini iliandikwa wakati Waingereza wakitawala kupitia watema, yaani machifu, na nyumba iliyoweza kuonyesha nasaba ndiyo iliyopewa kiti. Hiyo nayo ni karatasi ya kesi. Nyumba za Wandamba waliokuwa wakivua mto huo huo hazikupewa sura ya kuandika wenyewe.

Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inakubali kwamba haki ya kimila ni haki hata bila cheti. Ni maneno mazuri, na ningependa yaaminiwe. Lakini watu wa Mchombe walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa vya 1974, wameiona reli ya TAZARA ikipita na mashamba makubwa ya mpunga yakipimwa Mngeta, jirani kabisa. Ndiyo sababu mfuko hauteremki kenchini.

Nilirudi kwenye zile kurasa nne. Ya tatu ilikuwa makubaliano ya kukodisha majaruba mawili kwa msimu mmoja, magunia manne ya mpunga yalipwe baada ya mavuno. Mpangaji ametia sahihi. Mwenye shamba, mume wa yule mama, ametia dole gumba, na wino umevuka mstari. Jina la mama liko chini, upande wa mashahidi, la tatu. Majaruba hayo aliyalima yeye, tangu yalipokuwa mateteni.