Vifo vya vita vilihesabiwa namna gani?

Watu 5,400,000: hiyo ndiyo hesabu inayotajwa mara nyingi ya waliokufa Kongo kwa sababu ya vita, toka Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Hakuna aliyehesabu makaburi yote. Hata sensa ya mwisho ya nchi ni ya mwaka 1984.

Shirika la IRC lilianza mwaka 2000 huku mashariki, jimbo la Orientale na Kisangani yake likiwamo. Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, siyo kwa kujuana na chifu. Kisha maswali: nani aliishi humu, nani amekufa, lini, kwa sababu gani? Juni mwaka huohuo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani siku sita. Lakini majibu ya familia yalionyesha kwamba wengi hawakufa kwa risasi: ni malaria, kuhara na njaa ya ukimbizini.

Ubishi uko kwenye kipimo. Bila vita, wangekufa wangapi? IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, takriban 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wakosoaji walisema Kongo ilikuwa imezidi hapo hata kabla ya vita, basi jumla imepanda mno. Hoja ina uzito. Ila nyumba ambamo wote walikufa haikuwa na mtu wa kujibu.