Chombo Kisicho na Msumari

Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, ambao leo unajulikana kwa jina la Periplus. Jina lake mwenyewe limepotea, ila maelezo yake ya pwani yetu yamesalia. Bandari ya mwisho anayoitaja upande wa kusini ni Rhapta, na anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa vya watu wa huko. Mgeni yule hakuuita mji kwa jina la mfalme wala mlima, bali kwa kazi ya mikono ya mafundi wake.

Kazi hiyo iliishi muda mrefu. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498, waliandika kwamba vyombo vya huko havikuwa na misumari, mbao zake zilishikanishwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Waliandika pia, katika maelezo yale yale, kwamba manahodha wake walikuwa na dira na ramani za bahari. Baina ya Periplus na Wareno kuna zaidi ya miaka 1,400. Na baada ya Wareno, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini mwa Lamu waliendelea kushona mitepe hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtepe ulijengwa kinyume cha jahazi la misumari ya leo. Fundi wa jahazi husimamisha mkuku na mataruma kwanza, kisha hupigilia mbao juu yake. Fundi wa mtepe alianza na mbao zenyewe: alizipanga ukingo kwa ukingo, akazitoboa kwa keekee, akapitisha kamba, akaikaza, akaziba kila tundu. Mataruma yaliingia baadaye, nayo yakafungwa kwa kamba. Mlingoti ulikuwa mmoja, na tanga lake la miyaa lilikuwa la pembe nne, si la pembe tatu kama la jahazi.

Nguvu ya chombo, basi, ilikuwa katika kamba, na kamba ilianzia kwenye kumbi la nazi. Makumbi hufukiwa katika mchanga wa ufukweni, maji ya chumvi yakayalainisha kwa miezi, kisha hufukuliwa na kupondwa, na usumba wake ukasokotwa. Zanzibar kazi hii hadi leo iko zaidi mikononi mwa wanawake. Tunapozisimulia safari za baharini huwataja manahodha na mabaharia, tukasahau kwamba chombo kilichoshonwa hakikuweza kuondoka ufukweni bila ya mikono iliyosokota kamba yake.

Je, ufundi huo ulikuwa bora au ulikuwa unyonge? Wasafiri wawili mashuhuri walitofautiana. Marco Polo, aliyeviona vyombo vilivyoshonwa huko Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, alividharau. Alisema ni vibovu na vingi huangamia, kwa kuwa havina misumari ya chuma. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliona kinyume chake. Kwa maelezo yake, bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa hunyumbuka kikasalimika.

Wote wawili walikuwa na hoja. Chombo cha kamba huvuja, na mabaharia wake hufua maji ngamani safari nzima. Kamba nayo huoza, ikalazimu kushonwa upya. Lakini pwani yetu ni ya miamba na ya maji yanayokupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Chombo hupwelewa mchangani kikiwa na shehena, maji yakarudi kukiinua, kikagusa chini tena na tena. Ubao uliopigiliwa msumari hubishana na pigo hilo. Ubao ulioshonwa hulipokea. Marco Polo alihesabu hasara za njia moja ya bahari, na Ibn Battuta alieleza sababu iliyowafanya watu wa pwani nyingi waendelee kushona.

Zipo sababu nyingine zilizotajwa. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, alisema maji ya bahari hii hula chuma. Ilisimuliwa pia kwamba chini ya bahari lipo jabali la sumaku linalonyofoa misumari ya meli. Hadithi hiyo ni tamu, lakini imesaidia kujenga dhana potofu kwamba walioshona vyombo walikuwa watu wasioelewana na chuma. Ushahidi unasema vingine. Katika karne ya 12, al-Idrisi aliandika kwamba chuma kilichimbwa katika nchi za Malindi na Mombasa, na kwamba chuma cha Sofala kilisafirishwa hadi India. Watu waliouza chuma ng'ambo hawakushona vyombo vyao kwa kukosa msumari. Walikifahamu chuma, wakachagua kamba.

Kwa nini basi mitepe ikatoweka? Bahari haikuishinda. Misumari iliyotengenezwa viwandani ilikuja kuwa rahisi, na chombo cha misumari hakikudai kushonwa upya kila baada ya muda. Meli za moshi nazo zilichukua shehena kubwa bila ya kungoja kusi wala kaskazi. Mwaka 1919 C. J. W. Lydekker alichapisha maelezo ya mtepe wa Wabajuni katika jarida la Man, na baada ya miaka michache mitepe haikuonekana tena baharini.

Yaliyofuata yanawahusu hata waliohamia Omani. Mwaka 1980, huko Sur, ilijengwa meli ya kushonwa iliyoitwa Sohar, ikaongozwa na Tim Severin hadi Guangzhou, China. Mwaka 1998 wavuvi wa Indonesia waligundua karibu na kisiwa cha Belitung mabaki ya meli ya karne ya 9 iliyokuwa imeshonwa, yenye vyombo vya kauri vya Kichina vipatavyo 60,000. Omani ikajenga mfano wake, Jewel of Muscat, ukavuka bahari mwaka 2010 hadi Singapore kama zawadi ya serikali. Mara zote mbili ilibidi washonaji waletwe kutoka India, maana Omani hawakubaki mafundi wa kazi ile. Pesa zilikuwepo, mbao zilipatikana. Kilichokosekana ni mkono uliofundishwa na mkono mwingine.

Zanzibar nako mtepe mpya ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa Beit al-Ajaib. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Makumbusho yanaweza kuhifadhi umbo la chombo, na hata umbo halina dhamana. Lakini ni vipi kamba ikazwe, ikazwe kiasi gani, na fundi ajuaje kwamba mshono umechoka kabla haujakatika, hayo hayakai ndani ya kabati la kioo.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Mshono wa mtepe ulikatikia pale baba alipoacha kumfundisha mwana kazi isiyolipa tena, na hakuna haki ya kumlaumu. Ila wanaosokota usumba wangalipo katika vijiji vya Unguja, na watia kalafati wangalipo Lamu. Kuwarekodi wakiwa kazini, kwa maneno yao wenyewe, ni kazi isiyohitaji meli wala hazina ya serikali, na wengi wetu tulio ughaibuni hurudi huko kila likizo tukiwa na simu mkononi.