Chumba Ndicho Kichaguacho Taa

Mjenzi wa pwani hakuanza na taa. Alianza na boriti. Mti wa mkoko, usiozidi sana mita 3, ndio uliokadiria upana wa chumba, kikawa chembamba, kirefu, chenye dari ya juu. Hapo fanusi ilining'inia kwa raha, na vidaka vya chokaa vikaurudisha mwanga wake. Sayyid Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, kumbi zake pana zilistahili thurea.

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu 2002, ilikuwa na mizani nyingine. Nyumba ya tembe ya Wagorowa na Wairaqw, paa lake bapa la udongo likikaribia utosi, ilitosheka na moto wa mafiga na kigoda. Thurea humo ingekuwa kejeli. Leo bati limeshika mahali pa udongo, na sebule nyembamba hulazimishwa makochi mapana kuliko mlango wake.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka kwa kishindo. Tembe hutoweka kimya kimya. Pote pawili unaopungua ni ule ujuzi wa kukiuliza chumba kabla ya kwenda dukani.