Kutoka Kiti cha Akina Mama
Chuo nilikiacha, lakini somo hili la historia nililipata ndani ya boti ya kwenda Faza, tukisubiri maji yajae pale Mkanda. Wazee walikuwa wakibishana: Lamu Mashariki iwakilishwe na mwanamke, kweli?

Ndiyo hivyo. Agosti 2022 Ruweida Obo alichaguliwa mbunge wa jimbo hilo kwa tiketi ya Jubilee. Hakuanzia hapo. Mwaka 2017 alipata kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kiti kilicholetwa na katiba ya 2010. Kabla yake alikikalia Shakila Abdalla, wa kwanza, 2013. Hicho wanaume hawakigombei, ndiyo maana wapo wanaokiita cha bwerere. Cha jimbo ni vita vingine: Faza, Kiunga, Basuba, mafuta ya boti, halafu unaulizwa watoto umewaacha na nani.

Mzee mmoja akamtaja Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha ya ndoa mwaka 1858. Sawa. Ila Siyu, alikotawala mumewe Bwana Mataka, iko ndani ya jimbo hilohilo la Ruweida. Nikamwambia. Akatazama maji.