Chembe za nano na jino linalooza mara ya pili

Jino likishazibwa, wengi hudhani maradhi yake yamekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Canada, wanaonya kwamba linaweza kuoza tena pale pale lilipozibwa. Nao wamebuni chembe ndogo mno zenye dawa ili kulizuia hilo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza bila ya kutibiwa.

Kwa nini huoza tena?

Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa ganda gumu la jino. Daktari huondoa sehemu iliyooza na kuziba tundu, mara nyingi kwa plastiki iliyochanganywa na unga wa kioo.

Yoav Finer na Paul Santerre wa chuo hicho wameonyesha kwamba vimeng'enya vilivyomo katika mate huimega plastiki hiyo taratibu. Mwanya hutokea baina ya jino na kizibo, bakteria hupenya, na uozo huanza upya mahali pasipoonekana kwa macho.

Chembe zafanyaje kazi?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele ni kiasi cha nanomita 80,000.

Mwaka 2018 Finer, mhandisi Ben Hatton na wenzao walieleza katika jarida la Scientific Reports namna ya kuunda chembe za silika, madini yapatikanayo mchangani, pamoja na oktenidini, dawa ya kuua vijidudu. Badala ya kuunda chembe tupu na kuzijaza baadaye, dawa na silika hujipanga pamoja kwa kipimo cha nano. Hivyo chembe hubeba dawa nyingi na kuitoa kidogo kidogo. Lengo ni kuzichanganya katika kizibo, kijilinde chenyewe.

Afrika Mashariki

Kenya, Tanzania na Uganda zimejiunga na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaotaka vizibo vyenye zebaki vipunguzwe. Vya plastiki ni miongoni mwa vinavyochukua nafasi yake, ingawa kwa kawaida havidumu kama vya zebaki. Kwa mgonjwa aishiye mbali na daktari wa meno, kizibo kikiharibika mara nyingi jino hung'olewa.

Hata hivyo, maabara si kinywa. Kinywani kizibo hukabili chai ya moto, utafunaji na mate kwa miaka mingi, na ni majaribio kwa wagonjwa yatakayothibitisha manufaa ya chembe hizo.

Ushauri wa madaktari haujabadilika: kupunguza sukari, na kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, ambayo WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.