Pumba Tunazozitupa: Historia ya Chakula na Afya ya Matumbo

Somo letu la leo ni la historia, na historia yenyewe inaanzia jikoni mwako. Kabla sijaendelea, nakuomba ujibu swali moja moyoni: nyumbani kwako, mgeni wa heshima akija, hupikiwa ugali wa dona au wa sembe?

Jibu la wengi nalijua, maana nami nilikuwa mmoja wao. Nilipopata kazi mjini, mama yangu alisafiri kuja kunitazama, akaniletea mfuko wa dona aliousagisha mwenyewe. Nilimshukuru sana, kisha nikausukuma mfuko ule uvunguni mwa kitanda ili wenzangu wa kazini wasiuone. Kwangu mimi sembe nyeupe ilikuwa alama ya mtu aliyesoma. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba madaktari waliosoma kunishinda walikuwa wamejifunza mambo makubwa kutokana na chakula kama kile nilichokionea haya.

Basi tuanze na maana ya maneno. Punje ya mahindi, ya ngano au ya mtama ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini kinachoota, na wanga. Ukisaga punje nzima unapata dona. Ukiikoboa kwanza, ganda na kiini huondoka, na hizo ndizo pumba tunazowapa kuku na ng'ombe. Kinachobaki, ambacho karibu chote ni wanga, ndicho sembe. Katika ganda lile mna makapi, ambayo wengine huyaita nyuzinyuzi. Makapi yamo pia katika maharagwe, kunde, mboga za majani na matunda. Tumbo la mwanadamu haliwezi kuyayeyusha, hivyo hupita mpaka utumbo mpana. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa zamani waliyahesabu kuwa takataka tu.

Huko Ulaya, tangu miaka ya 1870 hivi, vinu vya mawe vilianza kuachwa na mahali pake pakawekwa vinu vya chuma, ambavyo viliweza kuondoa pumba zote kwa urahisi. Mkate mweupe, ambao zamani ulikuwa chakula cha matajiri, ukawa chakula cha kila mtu. Watu walifurahi, na wachache sana waliona hatari yoyote.

Sasa njoo nami Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Hugh Trowell, alifika Kenya. Baadaye alihamia Uganda, akawa akitibu wagonjwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Kila siku aliwaona watu wenye malaria, minyoo, kuhara na utapiamlo. Lakini yako maradhi ya matumbo aliyoyajua kwao Uingereza ambayo hapa aliyaona mara chache sana: kuvimba kwa kidole tumbo, mawe katika mfuko wa nyongo, vifuko vinavyojitokeza katika ukuta wa utumbo mpana, hata kufunga choo siku nyingi. Trowell akawa akiandika yale aliyoyaona, na pia yale ambayo hakuyaona. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika.

Labda msikilizaji mmoja ataniuliza: "Je, si kwamba wagonjwa hawa hawakufika hospitali, au walikufa kabla ya kufikia umri wa kupata maradhi hayo?" Swali hilo ni la haki kabisa. Kansa ya utumbo mpana, kwa mfano, huwapata zaidi watu wa umri mkubwa. Kwa hiyo haikutosha daktari mmoja kusema "sikuona." Ilibidi watu wahesabu.

Aliyeshughulika sana na kuhesabu ni daktari wa pili, Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1911, na jicho lake moja lilipotea kwa ajali akiwa mtoto. Alifika Uganda mwaka 1946 kuwa daktari wa upasuaji, kwanza Lira, kisha Mulago. Jina lake lilijulikana kwanza kwa sababu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari na kusafiri maili zipatazo 10,000 wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: uvimbe huu mnauona hapa, au hamuuoni? Kwa njia hiyo alijifunza kwamba ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, ulizia kwanza unakaa wapi na haukai wapi.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Thomas Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cleave alikuwa katika manowari iitwayo King George V. Mabaharia walikaa baharini muda mrefu bila mboga za kutosha, wakafunga choo. Cleave akawapa pumba za ngano, nao wakapata nafuu. Kwa maoni yake, maradhi mengi ya Ulaya yaliletwa na sukari na unga mweupe. Burkitt alipomsikia, alikumbuka yale aliyoyaona Uganda. Ila yeye alikaza macho zaidi juu ya kile kilichoondolewa katika chakula, yaani makapi.

Basi wakajaribu. Burkitt alishirikiana na Alexander Walker wa Johannesburg na daktari wa upasuaji Neil Painter wa London. Watu walipewa vipande vidogo vya plastiki wavimeze, vipande ambavyo huonekana katika picha ya eksirei. Kisha choo chao kilikusanywa, kikapimwa uzito na kupigwa picha, ili ijulikane chakula hukaa mwilini saa ngapi. Usicheke, ndugu yangu. Kazi hiyo haikuwa ya heshima machoni pa wengi, lakini ilileta elimu. Majibu yalitolewa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa muda wa saa 36 hivi. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, kilikaa zaidi ya saa 80. Na choo cha mwanakijiji kwa siku moja kilikuwa na uzito mara nne au zaidi ya kile cha Mwingereza.

Mwaka huo huo Painter alieleza jambo lingine. Kwa miaka mingi wagonjwa wa vile vifuko vya utumbo walikuwa wakiambiwa wale chakula laini kisicho na makapi, ili utumbo upumzike. Painter aligeuza shauri hilo akawapa pumba wagonjwa 70, na wengi wao walipata nafuu. Dawa iliyotolewa na chakula kilichokatazwa vilikuwa vimebadilishana mahali.

Hata hivyo, mwalimu mwema hafichi upande wa pili. Yule Trowell aliyeona faida za chakula cha kijijini ndiye aliyefanya kazi miaka mingi juu ya kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wanaoachishwa ziwa na kulishwa wanga mtupu. Chakula cha kijijini kiliwalinda watu wazima na maradhi fulani, na papo hapo watoto walikufa kwa kukosa maziwa, maharagwe, mayai au samaki. Wala makapi hayazuii kipindupindu wala homa ya matumbo. Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, kwa vikundi vya kusikiliza redio kama hivi vyetu, kuchimba vyoo lilikuwa moja ya mambo yake makubwa. Tumbo linataka chakula chema, na linataka choo na maji safi pia.

Burkitt naye hakuwa sahihi katika kila jambo. Alidhani makapi husaidia hasa kwa kukisukuma choo upesi, na kwamba upungufu wake ndio mzizi wa maradhi mengi sana. Mwaka 1999 uchunguzi wa wauguzi wa Marekani zaidi ya 88,000, uliochukua miaka 16, haukuona kwamba makapi yaliwakinga na kansa ya utumbo mpana. Wengine walidhani habari imekwisha. Lakini mwaka 2003 uchunguzi mkubwa wa nchi 10 za Ulaya ulionyesha kwamba waliokula makapi mengi walipata kansa hiyo kwa uchache zaidi. Elimu huendelea hivyo, kwa kupima na kupima tena.

Siku hizi tunajua jambo ambalo wazee wale walilijua kwa uchache. Katika utumbo mpana wanaishi bakteria wengi mno, na walio wengi si adui zetu. Makapi tusiyoweza kuyayeyusha sisi ndiyo chakula chao. Wakiyala, hutengeneza asidi fulani ambazo hulisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Wakikosa makapi, baadhi yao hugeukia ute unaoukinga ukuta wa utumbo, wakaula huo.

Mwaka 2015 wataalamu walieleza jaribio la kubadilishana vyungu. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini cha Afrika ya Kusini, na watu 20 wa vijijini huko Afrika ya Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Muda ulikuwa wiki mbili tu. Katika matumbo ya Wamarekani, dalili za uvimbe zilipungua na zile asidi njema zikaongezeka. Kwa Waafrika mambo yakawa kinyume chake. Wiki mbili hazitoshi kuleta kansa wala kuizuia, lakini zinatosha kuonyesha jinsi tumbo linavyofuata chungu.

Na mwaka 2025 yalitolewa majibu kutoka kwetu, Kilimanjaro, kwa wanaume vijana 77. Wa kijijini waliopewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, dalili za uvimbe katika damu yao zilipanda. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, zilishuka. Wengine walikunywa mbege kwa wiki moja, nao pia dalili zilipungua. Nisieleweke vibaya: sikusema pombe ni dawa. Lililochunguzwa ni kinywaji kilichochachushwa kwa ndizi na ulezi, na ubaya wa ulevi tunaujua wote.

Sasa tufanye nini? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Huhitaji mizani. Kula dona, au changanya dona na sembe. Weka maharagwe, kunde au choroko mezani mara nyingi katika wiki. Usikose mchicha, matembele au kisamvu, na tunda moja au mawili. Ongeza kidogo kidogo, maana tumbo lililozoea sembe likibadilishwa ghafula hujaa gesi. Kunywa maji, tembea kwa miguu, na ukihisi haja usiichelewesha.

Yako maonyo mawili. La kwanza, dona haikai muda mrefu kama sembe kwa sababu kiini kina mafuta, na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Kwa hiyo anika mahindi yako juu ya turubai, yahifadhi mahali pakavu, tupa yenye ukungu, na usagishe kidogo kidogo. La pili, mtu akiona damu katika choo, au akikonda bila sababu, au choo chake kikibadilika kwa wiki kadhaa, aende hospitali. Asingoje kutibiwa na uji.

Siwalaumu waliopenda sembe. Ni laini, hukaa muda mrefu dukani, na tulifundishwa kwamba cheupe ndicho kizuri. Ila wanavijiji wale wa Uganda waliokubali kumeza vipande vya plastiki, majina yao hayaimbwi popote, wametuachia ushahidi. Mwaka jana mama alikuja tena na mfuko wake. Safari hii niliuweka jikoni, na mgeni wa kwanza aliyefika alipikiwa dona.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Wazee wa hapa kwenu walikula nini kila siku, na kipi kati ya hivyo kimeachwa? Kwa nini?

2. Mashine ya kusaga iliyo karibu nanyi husaga dona? Bei yake ikoje kulinganisha na sembe?

3. Mahindi yenu hukaushwa na kuhifadhiwa namna gani, na mwaweza kutengeneza nini kabla ya mavuno yajayo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.